Kugeuza shakeli za mbele kwenye Land Cruiser BJ40: inafaa, au ni kujitafutia kazi?

Mtambo_BJ

Wadau, habari za jioni. Gari ni BJ40, chasisi fupi. Springi za mbele (za majani) zimeinuliwa inchi 2.5, tairi ni 235/85R16, diski mbele, usukani wa pawa. Kama mnavyojua, Toyota waliweka shakeli (kile kiungo kinachobembea kati ya ncha ya springi na chasisi) mbele ya springi ya mbele, na lile jicho lisilosogea, yaani tundu la ncha ya pili ya springi, likakaa nyuma. Fundi mmoja kule Kariobangi Light Industries anasema tugeuze: shakeli ije nyuma, pini isiyosogea iende mbele, na gari litaacha kupiga mateke barabarani.

Matumizi: siku za kazi ni Nairobi hadi Kajiado, kisha barabara za ndani zenye mikunjo kama bati. Wikendi ni mawe ya Suswa, na masika yakifika, tope la udongo mweusi.

Nataka kujua mambo matatu. Napata nini hasa, napoteza nini, na ni vipande gani vingine vitaguswa zaidi ya hanga zenyewe (vishikio vya springi kwenye chasisi)? Fundi anasema ni kazi ya siku mbili na hakuna kingine cha kubadilisha. Hapo ndipo nilipoanza kuwa na wasiwasi.

---

Jicho_la_Springi

Wasiwasi wako uko mahali pake. Anza na jambo moja tu, njia ya ekseli, kwa sababu faida na hasara zote zinatoka hapo.

Springi yenye upinde ikibanwa hunyooka, na ikinyooka hurefuka. Urefu huo lazima uende upande ulio huru, yaani upande wa shakeli. Shakeli ikiwa mbele, gurudumu likipanda jiwe ekseli huenda juu na mbele, inalifuata lile jiwe lililoipiga. Shakeli ikiwa nyuma, ekseli huenda juu na nyuma, inalikwepa. Hiyo ndiyo siri yote ya ulaini unaosifiwa. Springi haijawa laini hata kidogo. Pigo ndilo limepewa njia ya kupita.

Sasa igeuze hoja hiyo kwenye breki. Ukikanyaga, barabara inavuta gurudumu nyuma. Kwenye mpango wa kiwanda, kuvutwa nyuma kunapingana na njia ya kubanwa, kwa hiyo pua ya gari inazuiwa kiasi isizame. Ukishageuza, nyuma ndiko springi inakotaka kwenda ikibanwa, na breki inaisaidia. Pua inazama. Chasisi ikiwa fupi na gari limeinuliwa, utaliona hilo kwenye kila tuta, na zaidi ukiteremka Mai Mahiu nyuma ya lori. Uzito ukikimbilia mbele, nyuma panabaki pepesi na tairi za nyuma zinajifunga mapema, hasa barabara ikiwa na maji.

Kwenye kupanda ni vilevile. Ukiwa na foo-wili, gurudumu la mbele linajivuta mbele. Kwa mpango wa kiwanda, mbele ni njia ya kubanwa, kwa hiyo pua inavutwa chini kidogo na tairi inashika. Ukigeuza, mbele ni njia ya kuning'inia: springi inajifungua, pua inainuka, na tairi inaanza kurukaruka pale ambapo ungependa itulie. Kwa mawe ya Suswa hilo si dogo.

Tupime ukubwa wake. Chukua springi ya mm 1,100 ukiipima kwa kufuata jani la kwanza (lile refu la juu lenye macho), yenye upinde wa mm 130 gari likiwa limesimama. Ikilala bapa kabisa, umbali kati ya macho mawili unaongezeka karibu mm 41. Ekseli iko katikati, kwa hiyo inasogea nusu yake, karibu mm 20. Springi ya upinde wa mm 80 ingeisogeza mm 8 tu. Ndiyo maana watu wenye springi za kiwanda zilizolala hawaoni tofauti kubwa baada ya kugeuza, na walioinua gari kwa springi zenye upinde mkali wanaona kila kitu, kizuri na kibaya.

---

Karakana_BabaDogo

Mwenzangu hapo juu amemaliza nadharia. Mimi niongelee chuma, maana "hakuna kingine cha kubadilisha" si kweli.

Urefu kwanza. Ukiondoa shakeli mbele, jicho la springi lazima libaki kwenye kimo kilekile lilipokuwa, la sivyo pua itashuka. Shakeli ikiwa na mm 95 toka pini hadi pini, hanga mpya ya mbele inashuka karibu mm 95 chini ya bushi ya zamani. Nyuma ni kinyume: pini ya juu ya shakeli inapanda hadi katikati ya chasisi, na hapo ndipo mafundi wengi wanaharibu.

Usichomelee sikio chini ya chasisi ukaita hiyo ni hanga. Toboa chasisi kutoka upande hadi upande, katikati ya kimo chake, kwa msumeno wa duara. Pitisha bomba nene, ukuta wa mm 5 au 6, ulichomelee pande zote mbili za chasisi, na kila upande uvalishwe pete ya bamba la mm 5 kuzunguka tundu. Katikati ya kimo ndipo chuma cha chasisi kinapobeba mkazo mdogo zaidi gari linapopinda. Ukingo wa juu na wa chini ndio unaobeba mzigo, na hapo hapatobolewi wala hapachomelewi kwa mstari unaokata chasisi. Bamba la kuimarisha likatwe ncha za mshazari kama almasi, lisiwe na ukingo ulionyooka kutoka juu hadi chini, kwa kuwa ufa huanzia pale pale chomeleo linapoishia.

Hanga ya mbele: bamba la mm 6 kila upande, na bomba la kuvuka linalounganisha hanga ya kushoto na ya kulia. Bila hilo bomba, kila hanga ni meno yanayoning'inia peke yake. Kumbuka kwamba sasa pini ya mbele ndiyo inayolivuta gari zima: kila jiwe unalolipiga na kila breki unayokanyaga inapitia hapo. Shakeli hairudishi nguvu ya mbele na nyuma hata kidogo.

Hanga ya zamani ya nyuma imefungwa kwa riveti. Saga vichwa, toboa katikati, sukuma nje kwa nyundo na panchi. Usiikate kwa gesi, joto linalegeza chuma cha chasisi. Kabla ya kuchomelea ng'oa nyaya za betri, kisha sogeza bomba za breki na za mafuta. Kama ni stimu, tumia vijiti vya kuchomelea vya 7018 vilivyokaushwa. Kijiti kilichokaa wazi kwenye unyevu wa karakana kinaacha vitundu ndani ya chomeleo, na kwa nje linang'aa tu.

Usichomelee moja kwa moja hadi mwisho. Bandika kwa nukta, funga springi zikiwa na jani la kwanza peke yake bila yale mengine, weka ekseli, kisha jeki ipande na kushuka. Hapo utaona kila kitu kabla hakijawa cha kudumu. Pima toka pini ya mbele hadi alama moja kwenye chasisi, kushoto na kulia, kisha pima mshazari. Tofauti ikizidi mm 3, rudia. Ekseli iliyokaa mshazari haisahihishwi kwa kupanga magurudumu.

Mambo mengine yatakayoguswa:

- Propela ya mbele (mtaimbo unaopeleka nguvu kwenye ekseli ya mbele). Hii ndiyo kubwa, inahitaji hesabu yake peke yake.
- Stopa za mpira (zinazozuia ekseli isigonge chasisi). Ekseli ikibanwa kabisa sasa iko mm 40 nyuma ya mahali ilipokuwa ikifika zamani, kwa maana ilikuwa inaenda mbele mm 20, sasa inaenda nyuma mm 20. Stopa itapiga ukingo wa bamba la yubolti (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) au ikose kabisa. Ihamishe.
- Mipira ya breki. Geuza usukani hadi mwisho huku ekseli imening'inia. Ukiona mpira umenyooka kama kamba ya nguo, agiza mrefu zaidi.
- Shoku. Angalia kama zinagusa chasisi ekseli ikirudi nyuma.
- Tairi. Zamani ilikuwa inasogelea bampa, sasa inasogelea ukingo wa nyuma wa matgadi. Wengi wanatengeneza hanga ya mbele ikiwa imesogezwa mbele mm 25 ili kuipa nafasi. Ukifanya hivyo, propela na draglinki (fimbo inayotoka boksi la usukani kwenda kugeuza magurudumu) vyote vinapimwa upya.

Yubolti ziwe mpya, usirudishe za zamani. Kaza kwa msalaba, rudia baada ya km 100, tena baada ya km 500. Bushi zikiwa za raba, nati za pini zikazwe gari likiwa limekaa kwenye magurudumu yake. Ukizikaza ekseli ikining'inia, raba inabaki imesokotwa muda wote na itachanika mapema.

---

Landi_Kuukuu

Kwa wanaoona hili ni jambo jipya: Land Rover Series zote, toka 1948 hadi Series III ilipoisha 1985, zilitoka kiwandani na shakeli nyuma ya springi ya mbele. Jicho la mbele limeshikwa kwenye pembe ya chasisi. Kwa hiyo mpango wenyewe si kosa la kihandisi. Upande wa pili kuna Jeep CJ, Wrangler YJ na Suzuki SJ, zote shakeli mbele kama BJ40.

Ila usichukue Landi kama ushahidi kwamba BJ40 yako itakuwa hivyo. Landi ilichorwa hivyo tangu mwanzo: chasisi ina kimo cha kushika shakeli pale nyuma, na propela ilipimwa kwa hiyo njia.

Kuhusu usukani, angalia draglinki inavyolala. Ikivuka gari kutoka upande hadi upande, ekseli kusogea mbele na nyuma mm 20 hakuigusi sana. Ikilala kwa urefu wa gari, kila mm ambayo ekseli inasogea na draglinki haisogei pamoja nayo inageuka kuwa usukani: unapita shimo na gari linajipinda lenyewe. Jaribu kwenye stendi: funga usukani usizunguke, pandisha ekseli kwa jeki, na mtu mmoja atazame ukingo wa tairi dhidi ya kamba iliyonyooka.

---

MamaDizeli

Kaka Mtambo, swali lako ni la mikunjo ya bati, na dawa ya mikunjo haianzii kwenye chasisi.

Kabla hujakata chochote fungua springi. Osha kutu, piga brashi, weka grisi kati ya majani, rudisha. Majani yaliyoshikana kwa kutu hayatelezi, na springi isiyoteleza ni kipande cha reli. Hesabu majani. Springi za kuinua za madukani hutengenezwa zikitarajia winchi na bampa la chuma. Kama huna hivyo mbele, una jani moja au mawili ya ziada. Toa jani la tatu kutoka chini kwanza, lisiwe la kwanza wala la pili kutoka juu, uendeshe wiki moja. Angalia pia kama shakeli inazunguka kwa urahisi: toa uzito, isukume kwa mkono na nondo. Bushi iliyokufa ikikwama, springi haina pa kurefukia, na hapo hata ukiweka shakeli juu ya paa gari litapiga mateke.

Halafu upepo. Kwa gari lisilo na mzigo kwenye mikunjo, psi 22 hadi 25 kwa hizo 235/85R16, na ujaze upya ukifika lami. Shoku nazo: ukiishika ikiwa ya moto kuliko chasisi baada ya safari, inafanya kazi. Ikiwa baridi, imekufa.

Haya yote ni siku moja, na hakuna hata moja linaloacha tundu kwenye chasisi. Yakishindwa, rudi kwa hao mafundi wa juu.

---

Mtambo_BJ

Asanteni sana, nimejifunza kuliko nilivyotarajia. Mama, nitaanza na springi kama ulivyosema, kwa kweli sijui kama zimewahi kufunguliwa.

Nimepima lakini, maana nataka kujua kama propela ingetosha. Springi mm 1,100, upinde mm 130 gari likisimama. Propela ya mbele toka jointi hadi jointi: kwa ulalo mm 600, mteremko mm 200. Slaidi, ile sehemu ya propela inayoteleza ili irefuke na kufupika, ina mm 35 za kuingia kabla haijagonga. Kutoka stopa hadi ekseli ni mm 85. Ekseli ikining'inia inashuka mm 40 chini ya ilipo sasa.

Swali jingine: kasta, yaani ule mlalo wa kurudi nyuma wa mhimili ambao gurudumu linageukia. Tayari usukani haurudi vizuri katikati. Kugeuza kutasaidia?

---

Jicho_la_Springi

Vipimo vizuri, ngoja tuvitumie.

Propela yako sasa ina urefu wa mm 632 hivi ukihesabu mshazari. Ekseli ikipanda mm 85 hadi stopa, mteremko unabaki mm 115 na ekseli inasogea karibu mm 18. Kwa mpango wa kiwanda inasogea mbele, kwa hiyo propela inafupika mm 4 tu. Ndiyo maana Toyota hawakuhitaji slaidi ndefu. Ukigeuza inasogea nyuma, na propela inafupika mm 39. Wewe una 35. Slaidi itagonga kabla stopa haijaguswa, na kitakachopokea pigo ni beringi ya mbele ya transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) pamoja na pinioni ya difu (gia inayopokea propela). Na bado hatujahesabu mpira wa stopa unavyobanwa, ambao huongeza mm 15 hadi 20.

Upande wa kuning'inia: ekseli ikishuka mm 40, kwa mpango wa sasa propela haibadiliki karibu hata mm moja. Ukigeuza inarefuka mm 27. Jumla slaidi inahitaji kutembea mm 66 badala ya mm 4, bila kuhesabu ule mpira wala difu kuzunguka. Kwa hiyo utafute slaidi ya safari ndefu, si kukata bomba tu. Ukifupisha bomba ili isigonge juu, itachomoka chini. Lengo langu: ikibanwa kabisa ibaki mm 20, ikining'inia kabisa meno yawe bado yameshikana mm 50 au zaidi.

Kasta: ndiyo, hapa kugeuza kunakusaidia. Shakeli ikiwa mbele, ukiirefusha unashusha ncha ya mbele ya springi, juu ya ekseli panalala mbele, na kasta inapungua. Pengine ndicho kinachokusumbua sasa kama waliokuinulia waliweka na shakeli ndefu. Shakeli ikiwa nyuma, kuirefusha kunashusha ncha ya nyuma, juu ya ekseli panalala nyuma, na kasta inaongezeka. Lakini pinioni nayo inainama chini, inaipa mgongo transfa, na jointi ya propela inapinda zaidi. Kwa usukani wa pawa, kasta ya digrii 3 hadi 5 inatosha. Usiifukuzie 7 halafu propela ianze kutetemeka.

Kama shida ni kasta peke yake, kabari za chuma zinatosha. Springi yako iko chini ya ekseli, kwa hiyo kabari inakaa juu ya springi, upande mnene ukiangalia mbele. Chuma, si alumini. Za alumini hupondeka na yubolti zikalegea.

---

Karakana_BabaDogo

Naongeza mawili ambayo nilisahau.

Pembe ya shakeli. Gari likiwa chini na uzito wote, ncha ya chini ya shakeli ilalie nyuma kidogo, digrii 10 hadi 20 kutoka wima. Ikilalia mbele, kuelekea ekseli, siku ekseli ikining'inia shakeli itapinduka na kukwama kwenye chasisi, na utashangaa kwa nini pua imesimama upande mmoja. Kabla ya kuchomelea bomba, ukiwa bado kwenye nukta, rudisha majani yote na uishushe gari chini uone pembe halisi. Jani moja haliwezi kukuonyesha hilo.

La pili ni springi yenyewe. Tazama kama jani la pili limezunguka jicho la jani la kwanza. Lile zungusho ni la usalama, na linatakiwa liwe upande usiosogea. Kwako sasa liko nyuma. Ukigeuza shakeli bila kugeuza springi, jicho la mbele linalovuta gari zima linabaki na jani moja tu. Geuza springi. Lakini kabla ya hapo pima senta bolti (ile inayoshika majani pamoja katikati): toka kwenye bolti hadi jicho la mbele, na toka kwenye bolti hadi jicho la nyuma. Kama vipimo havilingani, kugeuza springi kutaihamisha ekseli kwa tofauti yote hiyo, na hanga ya mbele inabidi ipangwe kwa kuzingatia hilo.

Na siku mbili hazitoshi. Kwa watu wawili, propela ikiwa imeshapatikana, hesabu siku nne au tano. Mwenye bima naye aambiwe kabla ya kazi.

---

Landi_Kuukuu

Njia ya tatu ambayo haijatajwa: acha shakeli mbele, tafuta springi ndefu zaidi na zenye upinde mdogo, kimo ukipate kwenye hanga badala ya upinde. Upinde wa mm 60 kwenye springi ya mm 1,200 unasogeza ekseli mm 4 tu hadi ilale bapa. Mikunjo inapungua makali, breki hazibadiliki, na ile slaidi uliyo nayo inatosha. Hanga ya nyuma ndiyo itakayosogezwa, na shakeli inabaki mbele.

---

Mtambo_BJ

Hiyo imeniingia. Jumamosi nafungua springi, naweka grisi na natoa jani la tatu kutoka chini. Kabari za digrii 3 nazitafuta Grogan, kwa wauza vipuri. Landi, hizo springi ndefu zinahitaji upana gani wa jani kwenye BJ40?

---

Landi_Kuukuu

Usiende kwa kubahatisha. Pima upana wa jani lako, upana wa ndani wa hanga, na kipenyo cha pini, uende na hivyo vitatu kwa mtengeneza springi. Jani likiwa pana zaidi ya la sasa, kiti cha springi kwenye ekseli, bamba la chini na yubolti vyote vinabadilika. Likiwa na upana uleule, ni senta bolti na hanga tu.